Muulize Fundi wa Boti: mtungi wa gesi au jiko la umeme?

SWALI: Fundi shikamoo. Nina boti ya mbao futi 42, tunatoka Kilindoni na wageni safari za siku mbili tatu, Songo Songo mpaka Kilwa, tunakuwa watu 10 pamoja na mabaharia. Tangu enzi za baba tunapikia mkaa kwenye sanduku la mchanga kule tezi, nyuma ya boti, ila wageni wa siku hizi wanalalamika moshi unawafata mpaka walipolala, na juzi cheche imetoboa turubai. Mpishi wangu anataka gesi, anasema mtungi mdogo na plate mbili yamekwisha. Mkwe wangu ambae ni fundi sola wa majumbani anasema achana na gesi itawalipua, weka jiko la induction, betri si zipo na sola ipo. Nina betri mbili za N150, sola wati 200, altaneta ya injini ampea 60. Nimsikilize nani?
Nahodha, Mafia

JIBU: Marahaba nahodha wangu, pole na turubai. Wote wawili wamekwambia nusu ya ukweli, mkwe kasahau hesabu na mpishi kasahau ngama, lile tumbo la chini kabisa la boti maji yanapokusanyika.

Tuanze na mkwe, kwa heshima zake. Betri mbili za ampea 150 volti 12 kwenye karatasi zina kama yuniti tatu na nusu, yuniti hizi hizi unazonunua luku. Lakini betri ya risasi hutakiwi kuishusha chini ya nusu, ukiizoesha kuikausha unaiua mapema, kwahiyo unabaki na yuniti moja na robo tatu, na inveta nayo ina ushuru wake ikibadili umeme, wewe hesabu moja na nusu basi. Sasa njoo jikoni. Kuchemsha lita moja ya maji kwenye induction ni kama sehemu ya kumi ya yuniti, birika la chai ya watu 10 ni lita tano, yani nusu yuniti imeondoka na jua halijachomoza vizuri. Bado wali wa mchana, bado mchuzi wa samaki, bado chai ya jioni na chapati, mi nikikadiria kwa uzoefu siku nzima ya watu 10 ni yuniti tatu mpaka nne. Betri zako zinakata pumzi kabla ya adhuhuri na hapo hujagusa taa, redio wala pampu ya ngama, ambayo kwenye boti ya mbao ndo roho yenyewe. Sola ya wati 200 ikipata jua la kweli kweli inakurudishia labda robo tatu ya yuniti kwa siku. Altaneta iliyoandikwa 60 ikishashika moto haitoi 60, weka 40, saa nzima ya injini unapata nusu yuniti. Saa nzima ya dizeli, birika moja la chai!

Alafu kuna suala la ampea, na hapa ndo mafundi wa majumbani wanapoumbuka, sio kwa ubaya, wamezoea nyumba ambayo umeme unakuja na volti 230 na waya mwembamba unatosha. Jiko la wati 2000 kwenye betri za volti 12 linavuta kama ampea 180. Staata ya injini inavuta hivo na zaidi lakini ni kwa sekunde mbili tatu, jiko linavuta nusu saa. Nilishaitwa kwenye boti moja wamefunga hivo hivo kwa waya wa milimita 16, nikafungua boksi la betri nikakuta kichwa cha betri, kile cha risasi, kimeyeyuka kimechuruzika pembeni kama nta ya mshumaa, ganda la waya limeiva rangi ya maandazi, mpishi ananambia harufu aliisikia toka asubuhi ila alidhani vitunguu vinaungua.

Na sufuria je? Sufuria zetu karibu zote ni alumini, induction haizitambui kabisa. Chukua sumaku ya spika mbovu, ibandike kwenye tako la sufuria, ikinata inapika, isiponata jiko linalia pii pii linazima. Kwahiyo juu ya jiko, inveta na betri, mkwe angekununulisha na vyombo vipya.

Sasa gesi. Mtungi wa kilo 6 una joto la yuniti kama 75, tuseme nusu nzima inapotea pembeni ya sufuria, bahari haina adabu na upepo, bado yuniti 30 na kitu zinaingia kwenye chakula. Ukitaka kubeba kiasi hicho kwa betri kama zako zinahitajika 40 mpaka 50, zaidi ya tani moja ya risasi, wageni utawapakia wapi. Kwenye uzito hamna ubishi.

Ubishi uko chini. Gesi ya mtungi ni propani na butani na zote ni nzito kuliko hewa, propani mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Watu wanaichanganya na gesi yetu ya ardhini ile ya Songo Songo na Mnazi Bay, ile inayotembeza magari na bajaji Dar, ile ni methani, nyepesi, ikivuja inapaa inakwenda zake. Nyie mnapita hapo Songo Songo kila safari msije mkadhani ndo iliyomo kwenye mtungi wenu. Ya mtungi ikivuja inamwagika kama maji, inatambaa sakafuni, inatafuta nafasi kati ya mbao, inashuka ngamani inalala. Nyumbani ingetokea chini ya mlango. Boti haina mlango wa chini, boti ni bakuli.

Na haihitaji kuwa nyingi. Ikifika kama asilimia mbili ya hewa inawaka, kilo moja tu iliyovuja ikichanganyika na hewa inatosha chumba cha mita za ujazo 20 na zaidi. Alafu usiku maji ya ngama yanapanda kidogo kidogo, floti ya pampu inanyanyuka, swichi inagusa, na kama viungo vya waya vishaliwa na chumvi inaruka cheche, huko huko chini. Hakuna aliyewasha kiberiti, wote wamelala.

Mi mwenyewe nilishafika asubuhi kwenye boti iliyotia nanga, nikitia mguu tu nikasikia ile harufu ya yai bovu wanayoitia gesi kusudi uisikie. Mtungi ulikuwa chini ya benchi la mpishi, hatua mbili kutoka injini, mpira umepasuka pale klipu inapobana. Nahodha alikuwa na mkono kwenye ufunguo anataka kuwasha injini ili apoze chumba kwa feni, nikapiga kelele hadi nikakauka koo. Tukafunga mtungi, tukafungua kila mfuniko, hatukugusa swichi yoyote hata ya kuzima, alafu tukashika ndoo za plastiki tukaifua ile gesi kama mnavofua maji, unateka ngamani unamwaga nje ya boti, unateka unamwaga, ndoo tupu machoni lakini ina kitu. Vijana walicheka mwanzoni, wanaona watu wazima wanafua hewa. Tulifua karibu saa nzima, alafu tukaiacha wazi upepo upite mpaka mchana.

Kwahiyo jibu langu kwako: chukua gesi, ila mtungi usishuke chini ya sitaha hata siku moja, hata mvua inyeshe, hata mgeni aseme unaharibu picha. Mwambie seremala akutengenezee sanduku juu ya sitaha kule tezi, mfuniko uwe juu tu, pembeni lisiwe na upenyo, na chini kabisa litobolewe tundu la robo tatu inchi lenye bomba linalomwaga nje ya boti, mbali na dirisha na tundu la hewa la injini, na lisizame boti ikiwa imejaa. Ikivuja inamwagika baharini, mchezo umeisha. Mtungi usimame wima ufungwe kamba au mkanda, ukilala inatoka gesi ya maji na moto unaruka futi tatu. Mtungi wa akiba, hata uliokwisha, nao humo humo. Na lile jiko linalofungwa juu ya mtungi wenyewe, linalouzwa na mtungi wa kilo 6, liache nyumbani kwa mama watoto, boti ikilala kidogo linaanguka na sufuria lake.

Jiko lenyewe tafuta la chuma cha pua, sio lile la kioo linalopendeza dukani, na uulize kama lina kile kijiti pembeni ya moto kinachokata gesi moto ukizimika, manake upepo utauzima tu. Fundi achomelee kingo za chuma za kuzuia sufuria lisiteleze. Regyuleta za kawaida zinaliwa na chumvi, ipake grisi kwa nje, ifunike, na ukiona unga mweupe au kutu kwenye shingo badili, usisubiri. Mpira nao una mwaka umepigwa chapa, usome. Kila ukifunga mtungi mpya paka povu la sabuni kwenye viungo, povu likivimba inavuja. Kiberiti sio kipimo jamani, bado kuna watu wanapima kwa kiberiti.

Alafu mfundishe mpishi kitu kimoja tu, chakula kikiiva afunge kwenye mtungi kwanza, aache moto ufe wenyewe kwa kukosa gesi, ndo afunge vitasa vya jiko. Hapo bomba zima linabaki tupu. Hiyo ni bure na ndo kinga kubwa kuliko king'amuzi chochote cha kunusa gesi, ingawa king'amuzi ukikipata kiweke chini ngamani, sio juu darini kama cha moshi.

Mkwe asinune, kazi yake ipo. Ukipata hela badili hizo betri ziwe za lithiamu fosfeti, jaza sola kwenye paa la kivuli ifike hata wati 800, alafu nunua presha kuka ya umeme ya wati 1000. Maharage ambayo yangekula gesi masaa mawili yanaiva kwa chini ya nusu yuniti, mchana jua linapowaka, mpishi kalala. Wali pia. Kukaanga samaki na chapati bakini na gesi. Na sanduku la mchanga usilitupe, hamna jiko linalochoma samaki changu kama mkaa, na mchanga ule ule ndo wa kumwagia moto ukiwashinda.

SWALI: Salaam aleikum fundi. Niko Mtwapa, naangalia katamarani ya mzungu mmoja, huja miezi mitatu kwa mwaka halafu mimi ndiye nabaki nayo. Sasa ameniandikia anataka gesi yote ing'olewe, jikoni iwe stima tupu. Juu kuna paneli za wati 1600, ameagiza betri za lithiamu volti 48 za kilowati-saa 15, na jenereta ya dizeli iko. Mimi naona ni kuchezea pesa, gesi haijawahi kutusumbua. Nimwambie aache?
Mlinzi wa mashua, Mtwapa

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Mwache ang'oe. Nimemwambia nahodha wa Mafia achukue gesi na wewe nakwambia kinyume, na sijageuka, ni hesabu ile ile imeangukia upande wa pili. Wati 1600 kwa jua la pwani ni yuniti sita hivi kwa siku baada ya hasara zote, mzungu na mkewe wanapika kwa yuniti mbili. Jiko la wati 2000 kwenye volti 48 linavuta ampea 45 na kitu badala ya 180, waya hauchemki. Hata mawingu ya siku mbili betri ya 15 inayameza.

Na yeye ana shida ambayo wewe huioni ukiwa Mtwapa tu. Mtungi kila nchi una mdomo wake, anaetoka Ulaya na mtungi wake akifika huku hapati wa kubadilishana nao, anaanza kutafuta adapta na mtu wa kumjazia kwa mpira kichochoroni, kitu ambacho mimi sikipendi hata kukiangalia. Jua halina mdomo.

Ila msimamie fundi kwenye haya. Bomba la gesi litoke lote, lisibaki kipande kimezibwa na tepu ndani ya ukuta. Saketi ya 230 iwe na swichi inayojikata umeme ukivuja, maji chumvi na soketi sio marafiki. Vyombo avipime kwa sumaku kabla hajavileta. Kile kioo cha jiko kinateleza boti ikitembea, kiwekewe kingo na sufuria liwe refu lijazwe nusu tu, manake watu wanasema umeme hauunguzi kwa vile hauna moto, lakini baharini kinachounguza watu sana ni maji ya moto yaliyomwagika, na maji hayajui yamechemshwa na nini.

Na mwombe abakishe kajiko kadogo ka spiriti au ka gesi ya kopo, kakae nje sitahani kwenye kaboksi kake, cha dharura. Radi ikipiga mlingoti inaweza kuondoka na inveta, chaja na jiko kwa mpigo mmoja, na mtu anataka chai hasa siku kama hiyo.

Wewe unaebaki na mashua miezi tisa, usizikalie betri za lithiamu zikiwa zimejaa pomoni muda wote, muulize fundi akuwekee zikae kama nusu au zaidi kidogo, na ujifunze kuzima inveta. Nayo hula yenyewe usiku kucha hata kama hupiki.

SWALI: Kaka fundi hujambo? Mimi mtu wa Tanga, naishi London kwenye boti ya chuma ya mfereji, ni nyumba yangu mwaka wa pili sasa. Baridi ikizidi gesi inakuwa dhaifu, asubuhi nyingine haitoki kabisa na mtungi nikiutikisa nasikia umo nusu. Mtungi ni ule wa bluu. Nihamie umeme? Sola ninayo wati 350.
Dada wa mfereji

JIBU: Sijambo dada, nawe pole na baridi. Mtungi wa bluu huko Uingereza ni butani, na butani inaacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri, kwahiyo imo ila imelala kama mafuta ya nazi yalivoganda. Nunua mwekundu, huo ni propani, yenyewe inachemka mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri, London haifiki huko. Ila regyuleta yake ni nyingine na mdomo ni mwingine, usilazimishe, mwite fundi wa gesi anaeruhusiwa kufanya kazi kwenye boti. Na usiuingize mtungi ndani upate joto, najua wazo hilo limekupitia.

Umeme kwa sola ya wati 350 kiangazi sawa, chai na raiskuka inabeba, ila Disemba huko jua linachungulia tu linarudi, usiitegemee kwa chakula. Ukikaa sehemu yenye soketi ya gatini hapo pikia umeme kwa raha zako, na utaona kitu kimoja, madirisha yatapunguza kulia. Gesi ikiungua inazaa maji, kilo moja inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke, ndo yale matone yanayokudondokea kitandani.

King'amuzi cha kaboni monoksaidi tangu 2019 ni sharti kwenye boti za kuishi kwenye mifereji hiyo, kibonyeze leo usikie kama kinalia. Ile hewa haina harufu, haina rangi, na inatoka kwenye jiko la kuni na makaa kuliko hata gesi. Na yale matundu ya hewa pale chini ya mlango, uliyoyaziba na tambara kwasababu ya baridi, maana najua umeyaziba, yazibue leo leo.